Hesabu ya kuhama: gharama ya hifadhidata mpya imo katika maulizo, si katika gigabaiti

Seva ndogo ya hifadhidata yenye vichakataji pepe viwili na kumbukumbu ya gigabaiti 8, ambayo Amazon huiita db.m5.large, hukodishwa kwa dola 0.171 kwa saa katika kituo chake cha mashariki mwa Marekani. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo kodi ya mwaka inafika dola 1,498. Tangu Machi 1, 2024, mteja aliyebaki na toleo la 5.7 la injini ya hifadhidata ya MySQL kwenye seva hiyo ameongezewa dola 0.10 kwa kila kichakataji kwa kila saa. Kwa vichakataji viwili, nyongeza hiyo ni dola 1,752 kwa mwaka. Nyongeza imeipita kodi yenyewe, na ukifika mwaka wa tatu inapanda maradufu, dola 0.20 kwa kila kichakataji kwa saa.

Bili ya aina hii ndiyo huzusha swali katika ofisi nyingi: je, tuhamie toleo jipya, au tuachane kabisa na injini hii tuchukue nyingine? Ni swali zuri, ila mara nyingi hujibiwa kwa tarakimu zisizohusika. Wengine hutazama kasi inayotangazwa na watengenezaji. Wengine huuliza hifadhidata yao ina gigabaiti ngapi, wakiamini kwamba data nyingi maana yake ni kazi nyingi.

Msimamo wa uchambuzi huu ni kwamba gigabaiti huamua urefu wa usiku mmoja tu, ule wa kuhama. Miezi ya kazi inayoutangulia usiku huo huamuliwa na idadi ya maulizo. Kila mara mhudumu anapotafuta jina la mgonjwa, au mteja anapoangalia salio, programu huipelekea hifadhidata ulizo, yaani agizo lililoandikwa na mtengenezaji programu pengine miaka mitano iliyopita. Ulizo moja linaweza kurudiwa mara milioni kwa siku, lakini katika hesabu ya kuhama ni moja tu, kwa sababu linakaguliwa mara moja. Anayeijua idadi hiyo anaweza kukadiria gharama. Asiyeijua anabahatisha, na katika kazi hii kubahatisha hugharimu fedha nyingi.

Bei ya kubaki

Kila toleo la hifadhidata lina tarehe ya ukomo, na tarehe hiyo huwekwa na watengenezaji, si na mwenye programu. MySQL 5.7 ilitoka Oktoba 2015 na huduma yake ikafungwa Oktoba 2023. MySQL 8.0 ilitoka Aprili 2018, na ukomo wake ukawekwa Aprili 2026. Matoleo hayo yote mawili yalipewa miaka minane. Wanaotengeneza PostgreSQL, injini nyingine ya hifadhidata, hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia kwa miaka mitano: la 12 lilifika mwisho Novemba 2024, la 13 Novemba 2025. Baada ya tarehe hiyo hakuna kiraka cha usalama kinachotolewa bure, hata kama tundu limejulikana dunia nzima.

Kwa anayekodi seva ya wingu, bei ya kubaki imeandikwa kwenye bili. Programu yoyote inayotegemewa huwa na seva ya pili ya kusubiri, ili ya kwanza ikianguka kazi isisimame, na nyongeza hutozwa kwa zote mbili. Hivyo seva yetu ndogo inabeba dola 3,504 kwa mwaka wa kwanza, kiasi hicho hicho mwaka wa pili, na dola 7,008 mwaka wa tatu. Jumla ya miaka mitatu ni dola 14,016, na kwa fedha hizo hakuna hata kipengele kimoja kipya ambacho mtumiaji wa programu atakiona.

Kwa mwenye seva yake mwenyewe chumbani, hakuna bili inayokuja. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, umejengwa juu ya MySQL, na vituo vingi vya afya huuendesha kwenye seva iliyo ndani ya kituo chenyewe. Hapo injini iliyopitwa na wakati inaweza kukaa miaka bila mtu kudai hata senti. Gharama yake ni hatari, na hatari hiyo nayo ina tarakimu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya taasisi, kwa kuchukua kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023. Kuwa na toleo la zamani peke yake si kosa, lakini siku kumbukumbu zitakapovuja, mwenye seva iliyoachwa bila viraka atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kwamba alichukua hadhari. Tena faini inakwenda serikalini. Haimrudishii chochote mgonjwa ambaye majibu ya vipimo vyake yamesambaa kwa majirani.

Bei ya tatu ya kubaki ni leseni. Bei ya orodha ya hifadhidata ya Oracle, ile ya daraja la makampuni makubwa, ni dola 47,500 kwa kila kichakataji, na ada ya huduma ni asilimia 22 ya bei hiyo kila mwaka. Kwenye seva za kawaida za Intel na AMD, viini viwili huhesabiwa kama kichakataji kimoja. Seva yenye viini 16 basi inahitaji leseni 8: dola 380,000 za kununulia, kisha dola 83,600 kila mwaka. Wateja wakubwa hupata punguzo, lakini ukubwa wa tarakimu zenyewe unaonyesha kwa nini wengi hutamani kuondoka. Tahadhari moja: zile dola 380,000 zimeshatoka na hazirudi, kwa hiyo hazina nafasi katika uamuzi wa leo. Zinazohesabiwa ni zile 83,600 za kila mwaka.

Miezi ya kazi inatoka wapi

GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi misimbo yao, ilihama kutoka MySQL 5.7 kwenda 8.0. Maandalizi yalianza Julai 2022 na kazi ikachukua zaidi ya mwaka. Walikuwa na seva zaidi ya 1,200 katika makundi zaidi ya 50, data zaidi ya terabaiti 300, na maulizo milioni 5.5 yakijibiwa kila sekunde, ambayo kwa siku nzima ni takriban bilioni 475.

Sasa pima terabaiti hizo peke yake. Kwenye njia ya mtandao ya gigabiti 10 kwa sekunde, kunakili terabaiti 300 kunachukua sekunde 240,000, yaani saa 67, chini ya siku tatu. Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Sehemu kubwa ya muda ule ilikwenda kwenye kupima programu dhidi ya matoleo mawili kwa pamoja, kupandisha seva za kusoma moja baada ya nyingine, na kusubiri kuona kama kuna kitakachoharibika. Na viliharibika. Kuna maulizo yaliyofaulu majaribio yote kisha yakaanguka kazini, kwa mfano yale yaliyobeba orodha ya makumi ya maelfu ya thamani ndani ya ulizo moja.

Facebook nayo ilieleza mwaka 2021 kwamba ilikuwa imeiongezea MySQL 5.6 viraka vyake yenyewe zaidi ya 1,700, na ilibidi vyote vipitiwe kabla ya kufika 8.0. Kadiri unavyoibinafsisha hifadhidata, ndivyo bei ya kutoka inavyopanda.

Programu ndogo hukutana na mambo yale yale kwa kipimo chake. Kati ya 5.7 na 8.0 yalibadilika mengi, na manne kati yake hugusa karibu kila mtu. Kwanza, maneno RANK, GROUPS na SYSTEM yalitengwa kwa matumizi ya injini. Programu ya shule yenye safu iitwayo rank kwa ajili ya nafasi ya mwanafunzi darasani itakataliwa maulizo yake mpaka jina hilo liwekewe alama maalumu au libadilishwe. Pili, namna ya kuthibitisha nywila ya mtumiaji wa hifadhidata ilibadilika, na viunganishi vya zamani hushindwa kuingia. Tatu, akiba ya majibu iliyokuwamo ndani ya injini iliondolewa. Faili ya mipangilio ikiwa bado inaitaja, seva inakataa kuwaka.

La nne ndilo la kuogopwa. Katika 5.7, ulizo lenye GROUP BY, agizo la kukusanya mistari katika makundi, lilirudisha matokeo yakiwa yamepangwa hata kama hukuomba mpangilio. Toleo la 8.0 haliyapangi. Hakuna ujumbe wa kosa na hakuna kinachosimama; ripoti inatoka kwa mfuatano mwingine tu, na kama kuna msimbo unaochukua mstari wa kwanza ukiamini ndio wenye tarehe ya mapema zaidi, utachukua mstari usio sahihi kila siku bila kulalamika. Kosa la namna hii hulipati kwa kutazama kama programu inafunguka. Unalipata kwa kupitisha ulizo lile lile kwenye injini zote mbili na kulinganisha majibu.

Hesabu ya mfano

Chukua programu ya ukubwa wa kati yenye maulizo 600 ya aina tofauti. Makadirio yafuatayo ni ya mfano, na kila msomaji aweke ya kwake. Kulikagua ulizo moja kwenye injini zote mbili kunachukua dakika 20: saa 200. Tuseme asilimia 5 yanahitaji marekebisho, yaani maulizo 30, kila moja saa 4 za kurekebisha na kupima upya: saa 120. Mazoezi mawili kamili ya kuhama, pamoja na zoezi la kurudi nyuma: saa 80. Jumla ni saa 400. Kwa dola 15 kwa saa, ni dola 6,000.

Tazama kisichomo katika hesabu hiyo. Ukubwa wa data haukutajwa popote. Iwe gigabaiti 20 au terabaiti 2, zile saa 320 za kukagua na kurekebisha hazibadiliki.

Sasa linganisha. Kwa bei ya miaka miwili ya kwanza, seva yetu yenye mwenzake wa kusubiri inatozwa nyongeza ya dola 3,504 kwa mwaka, kwa hiyo dola 6,000 za kuhama zinarudi ndani ya miezi 20 na nusu. Kwa bei ya mwaka wa tatu zinarudi ndani ya miezi 10 na siku chache. Kwa seva moja isiyo na mwenzake, nyongeza ya miaka mitatu ni dola 7,008. Kuhama bado kunashinda, ingawa kwa tofauti ndogo. Na kwa programu ndogo yenye maulizo 60, kazi ni saa 20 za kukagua, saa 12 za kurekebisha matatu, na saa 80 zile zile za mazoezi: saa 112, dola 1,680. Hiyo ni chini ya nyongeza ya mwaka mmoja ya seva ndogo. Mwenye programu kama hiyo ambaye bado anasitasita anapoteza fedha kila mwezi.

Idadi ya maulizo hupatikanaje? Haihitaji kusoma msimbo wote. MySQL yenyewe hutunza muhtasari wa maulizo katika sehemu yake iitwayo performance_schema, ambako yale yanayofanana kwa umbo huwekwa kundi moja. PostgreSQL ina pg_stat_statements kwa kazi hiyo hiyo. Washa, acha ikusanye, kisha hesabu. Sharti ni moja: usikusanye kwa siku tatu ukaridhika. Maulizo ya mishahara huja mwisho wa mwezi, na ya kufunga hesabu huja mwisho wa mwaka. Ambayo hayakuonekana katika kipindi cha kukusanya yatafutwe kwenye msimbo kwa mkono, kwa kuwa ndiyo yatakayokuja kuvunjika wakati ambapo hakuna anayeikumbuka tena kazi ya kuhama.

Usiku wenyewe

Hapa ndipo gigabaiti zinapopata sauti. Data ya gigabaiti 500 kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde inachukua sekunde 40,000, zaidi ya saa 11. Kwenye njia ya gigabiti 1 ni saa 1 na dakika 7. Huo ni muda wa kusafirisha tu. Kuingiza data na kujenga upya faharasa, yaani orodha zinazoisaidia injini kupata rekodi bila kusoma jedwali zima, huweza kuchukua muda mrefu kuliko safari. Ofisi inayofunga saa 12 jioni na kufungua saa 2 asubuhi ina dirisha la saa 14. Kama safari peke yake inakula saa 11, usithubutu kuhama kwa njia hiyo: nakili mapema huku programu ikiendelea na kazi, kisha acha mabadiliko mapya yafuate kidogo kidogo mpaka seva mbili zilingane, na usiku wa kuhama ubaki wa kugeuza njia tu.

Zipo njia za haraka zaidi. PostgreSQL ina chombo kiitwacho pg_upgrade ambacho, kikiambiwa kiunganishe faili badala ya kuzinakili, humaliza kazi ya saa nyingi kwa dakika chache. MySQL nayo hupandishwa toleo papo hapo juu ya data ile ile. Haraka hiyo ina bei: injini mpya ikishawaka na kuandika, ya zamani haiwezi tena kuitumia data ile kwa usalama. MySQL 8.0 haina njia rasmi ya kushuka kurudi 5.7. Kinachobaki ni bakapu, pamoja na kupoteza kila kilichoandikwa tangu ilipochukuliwa.

Hatari nyingine hutoka nje ya injini. Wengi hubadilisha mfumo endeshi wa seva wakati huo huo. Matoleo ya Linux kuanzia Debian 10 na Red Hat 8 yalikuja na kanuni mpya za kupanga herufi. Faharasa za PostgreSQL zilizojengwa kwa kanuni za zamani zikihamishwa kama zilivyo, zinaweza kudai kwamba jina fulani halimo ilhali limo. Dawa ni kuzijenga upya zote, na muda wa kuzijenga uwekwe kwenye ratiba ya usiku ule.

Kurudi nyuma ndiko kunakotenganisha kuhama na kucheza kamari. GitHub walihakikisha kwamba hata baada ya seva kuu kuwa 8.0, seva za 5.7 zinaendelea kupokea mabadiliko, wakaziweka tayari mpaka kila kundi lipite angalau saa 24 kamili zenye kilele cha matumizi. Unakili wa kutoka toleo jipya kwenda la zamani hauungwi mkono rasmi, hivyo walijizuia kutumia herufi na kanuni mpya ambazo 5.7 isingezielewa.

Kwa seva yetu ndogo, njia hiyo ya kurudi ina bei gani? Kuiacha ya zamani ikiwaka wiki nzima ni saa 168. Kodi ni dola 28.73 na nyongeza ni dola 33.60: jumla dola 62 na senti chache. Kazi ya kuiandaa tumeshaihesabu katika zile saa 80. Sijui bima nyingine ya teknolojia iliyo rahisi hivi, na bado watu huiruka.

Wanaoiruka wasome yaliyoipata benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja milioni 5.2 kwenda mfumo mpya mwishoni mwa juma moja. Mamlaka za usimamizi zilipochunguza zilikuta kwamba data yenyewe ilihama salama. Kilichoshindwa ni mfumo mpya ulipoanza kubeba kazi halisi: wateja hadi milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na benki haikurudi katika hali yake ya kawaida hadi Desemba. Wateja 80,000 walihama benki mwaka huo. Gharama ilifika pauni milioni 330, sawa na pauni 63 na nusu kwa kila mteja aliyehamishwa, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Nyuma ya tarakimu hizo kuna watu walioshindwa kulipa kodi ya nyumba na mishahara. Data ilifika salama, na bado yalitokea hayo.

Kubadili familia

Mpaka hapa tumezungumzia kupanda toleo ndani ya injini ile ile. Kutoka injini moja kwenda nyingine, tuseme kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, ni hesabu tofauti kabisa. Lahaja ya maulizo inabadilika, aina za data zinabadilika, na namna ya kushughulikia tarehe, herufi kubwa na ndogo, na nambari zinazojiongeza inabadilika. Katika mfano wetu wa maulizo 600, weka kwamba asilimia 40 yanahitaji kuguswa: maulizo 240 kwa saa 4 ni saa 960. Ongeza saa 200 za ukaguzi, saa 80 za mazoezi, na saa 160 za kulinganisha majedwali na kuwafundisha wahudumu injini mpya. Jumla ni saa 1,400, dola 21,000. Mtu mmoja wa saa 40 kwa wiki anazimaliza kwa wiki 35.

Faida yake ni nini? Injini zote mbili ni huria na leseni ya zote mbili ni bure. Kodi ya seva inakaribiana. Dola 21,000 hizo hazirudi kupitia bili yoyote. Zinaweza kuhalalishwa na uwezo ambao programu inauhitaji kweli na injini ya sasa haina, lakini si na sifa zinazovuma. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2016 Uber ilieleza kwa kina kwa nini ilitoka PostgreSQL kwenda MySQL. Mwaka 2018 gazeti la The Guardian la Uingereza lilieleza kwa nini lilitoka MongoDB kwenda PostgreSQL. Injini moja ilikimbiwa na mmoja na kukimbiliwa na mwingine, na kila mmoja alikuwa na sababu zilizotoka katika kazi yake mwenyewe.

Penye leseni ghali mizani hugeuka. Ukilipa dola 83,600 kila mwaka kwa ile seva ya viini 16, hata kazi ya saa 5,000 kwa dola 15, yaani dola 75,000, inarudi ndani ya mwaka mmoja. Zidisha kazi mara tatu, kwa sababu programu zilizoandikwa ndani ya Oracle yenyewe huwa nzito kung'oa, na bado dola 225,000 zinarudi kabla ya mwaka wa tatu kuisha. Amazon ilifanya hivyo kwa kiwango kikubwa: Oktoba 2019 biashara yake ya rejareja ilitangaza kumaliza kuhamisha petabaiti 75 zilizokuwa katika hifadhidata karibu 7,500 za Oracle, kazi iliyogusa timu zaidi ya 100. Gharama za hifadhidata zilishuka kwa zaidi ya asilimia 60, ingawa tayari walikuwa na punguzo kubwa.

Kasi na ukubwa

Sababu inayotajwa zaidi ya kuhama ni kasi, na ndiyo inayopaswa kuaminiwa kidogo zaidi mpaka ipimwe. Jedwali lenye rekodi milioni 10, kila moja baiti 200, ni gigabaiti 2. InnoDB, injini ya ndani ya MySQL, huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 16, kwa hiyo jedwali hilo lina kurasa kama 122,000. Ulizo lisilo na faharasa huzipitia zote. Lenye faharasa inayofaa husoma kurasa tatu au nne. Hakuna toleo jipya litakalokupa tofauti ya mara 30,000. Faharasa moja inaweza, na huandikwa kwa mstari mmoja.

Na faida za wakubwa hazihamishiki kwa wadogo. Mwaka 2017 Facebook ilikamilisha kuhamisha hifadhidata kuu ya watumiaji wake kutoka InnoDB kwenda MyRocks, injini iliyoitengeneza yenyewe, na nafasi ya kuhifadhia ikapungua kwa nusu. Kwa Facebook, nusu hiyo ni seva nyingi mno. Kwa programu yenye gigabaiti 200 inayolipa dola 0.115 kwa gigabaiti kwa mwezi, kuokoa nusu ni dola 11.50 kwa mwezi, dola 138 kwa mwaka. Ukitumia dola 6,000 kuzipata, zitarudi baada ya miaka 43.

Uamuzi

Kwa tarakimu hizi, ushauri wangu hauna kigugumizi. Toleo lako likiwa limepita ukomo au limebakiza mwaka mmoja, panda ndani ya familia ile ile: hesabu itakuunga mkono kwenye wingu, na kwenye seva ya chumbani usalama wa watu waliokukabidhi data zao unatosha kuwa sababu. Ukilipa leseni ya kila mwaka, gawanya gharama ya kazi kwa leseni hiyo. Jibu likiwa chini ya miaka mitatu, anza kupanga. Kama sababu ni kasi peke yake, tengeneza faharasa kwanza, pima, kisha jadili. Na kama huna njia ya kurudi iliyofanyiwa mazoezi, usihame, hata kama kila kitu kingine kiko tayari.

Kosa la mwisho ni kudhani kwamba ukihama mara moja umemaliza. Aliyetoka 5.7 kwenda 8.0 mwaka 2024 alikuwa na miaka miwili tu kabla ya ukomo wa 8.0 na safari ya kwenda 8.4, toleo la huduma ya muda mrefu lililotoka Aprili 2024. Wala hakuweza kuruka, kwa sababu njia kutoka 5.7 kwenda 8.4 inapitia 8.0. Lakini safari ya pili haigharimu sawa na ya kwanza. Orodha ya maulizo ipo, majaribio yapo, na watu wameshajua njia ya kurudi.

Kwa hiyo usiliweke jambo hili kama mradi wa dharura. Liweke kwenye bajeti ya kila mwaka. Saa 400 zikigawanywa kwa miaka minne ni saa 100 kwa mwaka, chini kidogo ya saa mbili kwa wiki. Taasisi inayotenga saa hizo mbili huifikia tarehe ya ukomo ikiwa tayari, na hakuna kampuni itakayoitoza kwa sababu ya kuchelewa. Mwanzo wake ni mwezi huu: washa ukusanyaji wa maulizo, upite mwisho wa mwezi mmoja kamili, kisha hesabu.